Dakika Saba za Mwenyekiti: Sehemu ya Nne

Alhamisi, mwezi mosi Ramadhani, saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano za jioni. Ishikeni saa hiyo, wasomaji, kwani hapo ndipo mambo yote yalipokwenda mrama katika Msikiti wa Kisimani, Msambweni.

Mzee Tofiki, muadhini wa miaka ishirini na miwili, alikuwa amekwisha adhini. Tende imo kinywani, kokwa amelisukumia shavuni, kikombe cha uji ki mkononi. Mtaa mzima nao umo katika kaimati na sambusa.

Zikapita dakika saba. Ndipo msikiti wa barabarani ukaanza: Allahu Akbar, Allahu Akbar.

Watu wakatazamana.

"Wale wamechelewa," akasema Kombe, muuza madafu, sambusa imemjaa mdomo.

Ukafuata msikiti wa pili. Ukafuata wa tatu. Kisha simu za watu zikaanza kuadhini mifukoni, moja baada ya moja, kama majogoo wanaojibizana.

Kombe akaitema sambusa.

Tende ile imo kinywani mwa Tofiki tangu gazeti la wiki iliyopita. Leo tumpe ruhusa aiteme, kwa maana kulikuwa hakuna haja tena. Mtaa mzima ulikuwa umefuturu jua halijatua, na kila mtu sasa ana saumu ya siku moja ya kulipa baada ya Idi. Na mtu akiambiwa alipe saumu iliyoharibiwa na mwenzake, huanza kwa kumtafuta huyo mwenzake.

Hawakutafuta mbali. Wakubwa wana kawaida yao: maji yakimwagika hutafutwa aliyebeba ndoo, hatafutwi aliyeitoboa.

Ijumaa asubuhi Tofiki akanyang'anywa kipaza sauti. Ubao wa nyakati, ule wa taa nyekundu uliotundikwa msikitini mwaka jana, ukafunikwa shuka kama maiti. Jumamosi baada ya Alasiri kamati ikaitisha kikao uani, nje ya kijumba cha mitambo ya kipaza na ubao, kumhukumu.

"Kipaza kiwashwe," akaamuru Bwana Swabir, mwenyekiti wa kamati. "Mtaa mzima ulikula kwa sauti yake. Mtaa mzima usikie akiondolewa."

Kikawashwa. Taa ndogo ya kijani ikang'aa pale dirishani, na kikohozi cha mwenyekiti kikasikika mpaka ufukweni.

Tofiki alikaa juu ya mkeka peke yake. Hakuwa na shida na njaa, njaa aliizoea. Alichoogopa ni kimoja. Tangu mkewe Mishi alipofariki, mwaka wa nne huu, nyumba yake ilikuwa kimya kiasi cha kumfanya alale kwenye baraza la msikiti. Adhana ndiyo iliyomwamsha, adhana ndiyo iliyomlisha, na mara tano kwa siku adhana ndiyo iliyomkumbusha kwamba sauti bado anayo. Wakimwondolea kipaza, wamemrudisha katika nyumba ile.

"Tofiki," akaanza Swabir, kanzu imenyooka kama iliyopigwa pasi na malaika, "nani alikuambia uadhini saa kumi na mbili na thelathini na tano?"

"Wewe."

Watu wakaguna.

"Mimi?"

"Wewe, mwenyekiti. Miaka yote hii nimeadhini kwa kalenda ya karatasi iliyokuwa ukutani na kwa saa hii." Akanyanyua mkono. Ilikuwa saa ya zamani ya chuma, mkanda umebadilishwa mara sita. Mishi alimvisha mwenyewe siku ya fungate, na tangu hapo haijavuka dakika. "Usiku wa kuamkia Ramadhani ukaibandua kalenda. Ukasema, karne hii tena ya karatasi? Tangu leo utafuata ubao. Alhamisi nikakwambia, mwenyekiti, saa yangu inasema bado. Ukanijibu, ubao umekwisha sema."

"Nani alisikia?"

Walikuwa wawili tu mihrabuni, na Mungu, na Mungu haitwi kamatini.

"Jua je, hukuliona?" akauliza Kombe, ambaye ile sambusa bado ilimkaa rohoni.

"Jua la hapa huanguka nyuma ya minazi na vilima likiwa bado na maisha. Wewe Kombe uliliona?"

Kombe hakuliona, maana yeye alikuwa akitazama sinia.

Maalim Athmani, imamu, mzee mpole asiyependa kumhukumu hata paka, akasema, "Basi tumsikie fundi. Aliyeushughulikia ubao ni nani?"

Akasimama msichana mmoja mwenye mtandio aliouazima, ambao kila dakika ulimteleza. Jina lake Judy, mtu wa bara, ana duka la kutengeneza kompyuta pale Ukunda.

"Mashine yenyewe iko sawa," akasema Judy, akiifungua kompyuta yake ya mkononi aliyoiunganisha kwa waya na kisanduku cha ubao. "Lakini kuna kitu. Hapa ndani kuna daftari la mashine. Linaandika kila anayejaribu kugusa. Na inaonyesha kuna mtu anajaribu kubadilisha nyakati. Kila usiku. Saa sita kamili. Mara hamsini na moja."

Baraza lote likasisimka.

"Kila usiku!" Swabir akainuka nusu. "Saa sita kamili! Na ni nani hulala hapa barazani kila usiku?"

Macho yote yakamwangukia Tofiki. Hata paka wa msikiti alimtazama.

Tofiki akaitazama mikono yake. Yeye na mashine! Mtu aliyeishia darasa la tatu, ambaye simu yake humwomba jirani amfungulie!

"Wallahi sijaigusa," akasema. Lakini kipaza kiliibeba sauti yake mpaka kisimani, na huko nje ilisikika kama ya mtu aliyeigusa.

"Imekwisha," akasema Swabir. "Maalim, soma dua tufunge—"

"Bado, Ami. Samahani."

Sauti ilitoka mlangoni mwa ua. Alikuwa Hadiya, binti wa dada yake Tofiki, anayefundisha kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi huko Ukunda. Vumbi la pikipiki limempaka mpaka kope.

"Shikamoo, Maalim. Shikamooni nyote. Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Tofiki. "Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kukusomea, lakini si yasini." Akapiga magoti mbele ya kompyuta ya Judy, akatazama, akatabasamu kwa pembe ya mdomo. "Dada Judy, hizi mara hamsini na moja, umetazama ni nani anayejaribu?"

"Imeandika namba tu."

"Namba hiyo ni ya programu. Ni ya ubao wenyewe."

"Ubao unajiibia?" akauliza Kombe.

"Nisikilizeni, wazee wangu. Ndani ya kisanduku hiki mna kumbukumbu ya mashine, nayo imegawanywa vyumba vyumba. Mwenye nyumba ni mfumo unaoiendesha mashine nzima. Yeye ndiye atoaye ruhusa. Chumba hiki, tazama tu, usiguse. Kile, tazama na uandike. Kile cha tatu kimewekwa amri, na amri kazi yake ni kutendwa, haichezewi na kila apitaye."

"Kama kwangu," akasema Kombe. "Mgeni mwisho wake baraza. Ukumbini kwa hodi. Chumbani—"

"Chumbani kwako hata wewe unabisha hodi!" ikapaa sauti kutoka nyuma ya pazia la wanawake. Uwanja ukaangua kicheko, na cheko hilo likatoka kwa kipaza likazunguka mtaa.

Hadiya akangoja kitulie. "Chumba cha nyakati za sala hufungwa mchana kutwa. Kinatazamwa tu, ili asije mtu akakichezea. Ikifika saa sita ya usiku, programu inayopanga nyakati humbishia hodi mwenye nyumba: nibadilishie ruhusa, niandike nyakati za kesho. Hufunguliwa, huandika, hufungiwa tena. Ni kufumba na kufumbua. Ndiyo kazi yake iliyoumbiwa."

"Sasa?"

"Sasa kuna mtu aliamuru chumba kifungwe moja kwa moja, hata hodi isisikizwe. Usiku ukifika, mtoto wa nyumba, yaani ile programu, anakuja kuandika kama kawaida. Mwenye nyumba anaona mkono umegusa pasiporuhusiwa. Haulizi huyu ni nani, kazi yake nini, amekaa humu miaka mingapi. Anamtoa nje papo hapo. Kesho usiku anakuja tena, anatolewa tena. Mara hamsini na moja. Huyo si mwizi, Maalim. Ni mwenye kazi yake aliyefungiwa mlango wa kazi yake."

Tofiki akainamisha kichwa. Hakuwa na elimu ya mashine, lakini habari hiyo aliifahamu neno kwa neno.

Swabir hakukubali kirahisi. Wakubwa hawakubali kirahisi, wangekubali kirahisi wangekuwa watu kama sisi. "Hapana, binti yangu. Saa ya ubao inatembea. Mimi naiona kila siku. Ingekuwa mbovu ingesimama."

"Saa inahesabiwa na programu nyingine, Ami, na chumba chake hakikufungwa. Ndiyo maana hamkutambua. Dakika zinatembea, lakini nyakati za sala zimelala tangu siku ya mwaka mpya, mosi Januari. Siku ile magharibi ilikuwa kumi na mbili na thelathini na tano. Leo ni kumi na mbili na arubaini na mbili. Toa hesabu."

"Saba," akasema Maalim Athmani taratibu.

"Saba!" ukaitikia uwanja.

"Na kabla ya Ramadhani hakuna aliyeona," akamalizia Hadiya, "kwa sababu kabla ya Ramadhani Mjomba hakuutazama huo ubao hata kwa bahati mbaya. Alitazama kalenda na saa ya marehemu mkewe."

Wasomaji, hebu mtazameni mwenyekiti wetu. Jasho lilianza kwenye kofia, likatelemka sikioni. Lakini mtu wa kamati hana zaidi ya njia mbili: akikosa kumlaumu aliye chini, humlaumu aliyetoka mbali.

"Basi kosa ni la fundi!" Akamnyooshea Judy kidole. "Nani alikuambia ufunge?"

Judy akaurudisha mtandio kichwani. "Mzee, mimi nilifanya venye niliambiwa. Na nilikuuliza mara mbili. Nikakwambia, tukifunga hivi hata yenyewe haitaweza kujiandika."

"Sikusema funga namna hiyo!"

"Ulinitumia sauti, mzee. Nikona hiyo."

"Sauti gani?"

Judy akaichomoa simu, akaibonyeza. Na kwa kuwa alikuwa amesimama karibu kabisa na kipaza, ikatoka sauti ya Bwana Swabir, kubwa kuliko Swabir mwenyewe, ikapaa juu ya mapaa ya makuti na ya mabati:

"*Funga kabisa, mwanangu. Huyu mzee wa adhana ana mikono mirefu, aliwahi kuongeza dakika awangojee wenzake waje. Funga, hata jini asiandike!*"

Kutoka nje ya ua, wale wasioona kitu ila kusikia, kikaja kicheko cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Kweli jini hakuandika," akasema Kombe.

"Zimeni hicho kipaza!" akafoka Swabir.

"Uliamuru kiwashwe, mwenyekiti," akasema Maalim Athmani kwa upole wake ule ule. "Mtaa ulikula, mtaa na usikie. Sasa, binti yangu Hadiya, yafunguka?"

"Yafunguka, Maalim. Tunabadilisha ruhusa, programu iandike, tunafunga vile inavyopasa. Lakini aliyefunga aliweka neno la siri. Bila neno hilo mwenye nyumba hanisikilizi."

"Judy, neno ni lipi?"

"Sijui, Maalim. Mzee aliandika mwenyewe, akaniambia nigeuke niangalie ukuta."

Wote wakamgeukia Swabir. Saa ya Tofiki ilisema kumi na mbili na dakika ishirini na nane. Wanawake walikuwa wamekwisha tandika mikeka, harufu ya kaimati inawapita watu puani kama shetani.

Swabir akajikokota mpaka mbele ya kompyuta. Akapapasa mfukoni. "Miwani nimeiacha nyumbani."

"Andika kwa kukisia," akasema Kombe.

Akaandika kidole kimoja kimoja. Mashine ikalia. Imekataa.

Akaandika tena. Ikalia. Imekataa.

"Ami, pole pole," Hadiya akasema. "Ya tatu ikikosea inajifunga yenyewe, na hapo itabidi kila kitu kifutwe. Ramadhani nzima tutakaa bila ubao."

"Tutakaa na kalenda," akasema Tofiki. Lilikuwa neno lake la kwanza la furaha tangu Alhamisi.

"Mwambie Judy akuandikie," akashauri Maalim. "Mnong'oneze sikioni."

Hapo Swabir akafanya jambo la ajabu. Aligeuka akamtazama Tofiki, si kwa hasira, bali kama mtu anayetazama mlango akipima kama atauwahi. Kisha akasema, "Tuufute tu. Kalenda inatosha. Hata Tofiki na arudishiwe kipaza chake, yaishe."

Tofiki akashtuka. Mtu aliyemtandikia mkeka wa hukumu sasa anamrudishia kipaza bila kuombwa?

"Mwenyekiti," akasema Maalim, na safari hii upole ulikuwa na mfupa ndani yake, "ubao ni wakfu. Hatuufuti kwa ajili ya haya. Nong'ona."

Swabir akainama sikioni mwa Judy. Midomo ilimcheza kidogo tu.

Judy, maskini, ni katika mafundi wale ambao hawawezi kuandika pasipo kujisomea. Na ni mtu wa bara, hajui nani ni nani Msambweni, wala nani amezikwa wapi. Na taa ya kijani ya kipaza ilikuwa bado inang'aa dirishani.

"M kubwa," akasema Judy huku akibonyeza. "I. S. H. I. Mishi. Halafu moja, tisa, nane, saba. Sawa, imekubali!"

Ubao ndani ya msikiti ukapepesa chini ya shuka. Hadiya akabonyeza mara mbili, akampigia mwenye nyumba hodi, akafunguliwa. Mtu mmoja akaivuta ile shuka. Thelathini na tano ikafutika. Arubaini na mbili ikatokea, nyekundu, mbichi.

Hakuna aliyepiga makofi.

Kwa sababu hakuna aliyekuwa akiutazama ubao.

"Mjomba," Hadiya akaita kwa sauti ndogo, "umepata haki yako. Kipaza ni chako."

Maalim Athmani alikuwa amekishika, anamnyooshea. Tofiki akakipokea. Kitu alichokiogopea siku mbili na usiku wake, sasa ki mkononi mwake, na hakikuwa na uzito wowote.

"Swabir," akasema. Hakumwita mwenyekiti. "Mimi nilimwoa Mishi mwaka themanini na nane."

Swabir akatazama viatu vyake.

"Watu wana majina ya watoto, majina ya ng'ombe, majina ya timu za mpira. Wewe una binti wanne. Hukuona jina jingine la kufungia msikiti?"

"Ni jina tu, Tofiki. Limekuja tu."

"Na mwaka nao umekuja tu?"

Kutoka nyuma ya pazia kikasikika chano cha kaimati kikiwekwa chini, taratibu mno. Wote waliijua hatua iliyofuata, hatua ya Bi. Twaiba, mkewe Swabir, mama wa hao binti wanne. Alisogea mpaka penye pazia. Akasimama.

Ubao ulihesabu: dakika tano kufika Magharibi.

Tofiki akaivua saa mkononi, ile aliyovishwa siku ya fungate. Haikuwa mpya hata siku ile. Hakupata kuuliza imetoka wapi, nani huuliza zawadi ya bibi harusi imetoka wapi? Akaigeuza. Nyuma, juu ya chuma, palikwaruzwa kwa ncha ya msumari herufi moja na tarakimu mbili. Miaka yote hiyo alidhani ni alama ya fundi saa.

S 87.

Mtaa mzima uliishika tende mkononi, na hakuna aliyeinyanyua. Dakika nne. Tofiki akakileta kipaza mdomoni, na sauti iliyowafuturisha watu mapema ikatoka polepole, ikavuka kisima, ikavuka barabara, ikafika hata kule upande wa makaburini.

"Swabir bin Mwinyi. Saa hii niliyoadhinia miaka ishirini na miwili, kabla ya kuwa yangu, ilikuwa ya nani?"